Kazi ya Marekani na Grini Kadi: Je, ni Miaka Mingapi?

Sisi ni walimu wa kujitolea wa darasa la Kiingereza la jioni hapa Nakivale. Wengi wenu mnatujua kwa sababu ninyi ndio mnaotuletea karatasi za Kiingereza tuwasomee: barua za ofisi, majibu ya kesi, ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo. Kazi hiyo hatukuandikiwa popote, lakini tunaifanya kwa moyo, maana hata wazazi wetu wenyewe wana karatasi kama hizo ndani ya begi, zimefungwa vizuri kwa nailoni mvua isizipate.

Zamani swali lilikuwa moja tu: "Walimu, kesi yangu imefikia wapi?" Tangu mwaka 2025 swali limebadilika. Mnajua wenyewe kilichotokea. Mwezi Januari mwaka huo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamemaliza intavyu na hata kupimwa afya wakabaki na mizigo yao nyumbani. Kwa mwaka wa fedha 2025 idadi ya juu ya kupokelewa ilikuwa imewekwa 125,000. Kwa mwaka wa 2026 ikawekwa 7,500, na sehemu kubwa ikatengewa Waafrikaana wa Afrika Kusini. Basi mlango ule ulipobanwa, watu wakaanza kutafuta dirisha. Siku hizi tunaulizwa hivi: "Walimu, ndugu yangu amesema huko kwao kuna kiwanda cha kuku kinatafuta watu. Nikipata kazi pale, grini kadi inachukua muda gani?"

Swali ni zuri. Tumeulizwa mara nyingi hadi tukaona heri tujibu hapa mara moja, ili kila nyumba isome. Tumesoma maelezo ya serikali yao yenyewe, tukakaa pamoja, tukapiga hesabu ubaoni. Haya ndiyo tuliyoyapata.

NJIA MBILI ZISICHANGANYWE

Kwanza tuelewane juu ya hiyo kadi. Grini kadi ni kitambulisho cha mkaaji wa kudumu. Mwenye nayo anaishi na kufanya kazi Marekani bila kuomba ruhusa kila mara, na baadaye, mara nyingi baada ya miaka 5, anaweza kuomba uraia.

Ndugu zetu waliotangulia hawakuipata kwa kazi. Wao waliingia kama wakimbizi, na sheria inasema mkimbizi akishakaa mwaka 1 anatakiwa aombe kadi hiyo. Ndiyo maana binamu yako anakwambia kwenye simu, "Mimi nilifika, nikaanza kazi, baada ya mwaka nikaomba kadi." Hasemi uongo. Ila wewe unasikia "kazi" na yeye anasimulia ukimbizi wake. Hata kama angeshinda amelala mwaka mzima, kadi angeiomba vilevile.

Njia ya kazi ni nyingine kabisa. Hapo anayekuombea ni mwajiri, yaani tajiri wa kazi, na ukimbizi wako hausaidii kitu katika foleni hiyo. Unasimama na watu wa dunia nzima: fundi wa Ufilipino, mtaalamu wa kompyuta wa India, mpishi wa Meksiko. Sasa tuitembee njia hiyo hatua kwa hatua.

HATUA NA MIEZI YAKE

Hatua ya kwanza iko kwenye Idara ya Kazi ya Marekani. Tajiri lazima aonyeshe kwamba amekosa Mmarekani anayefaa na aliye tayari kuifanya kazi ile. Anaanza kwa kuuliza idara imwambie mshahara unaostahili kazi hiyo katika eneo lake. Jibu la hapo tu, mwaka 2025, lilikuwa linachukua karibu nusu mwaka. Kisha anatangaza kazi: siku 30 katika ofisi ya kazi ya jimbo, na kwenye gazeti la Jumapili mara mbili. Matangazo yakiisha anangoja tena siku 30 kabla ya kupeleka ombi. Kwa hiyo sehemu ya matangazo haiwezi kuwa chini ya miezi 2. Ombi likishafika idarani linakaa mezani. Mwaka 2025 lilikuwa linakaa zaidi ya miezi 15 kabla ya kujibiwa. Wauguzi waliosajiliwa wamesamehewa sehemu hii ya matangazo, lakini watu wengi hawasamehewi.

Mshike neno moja hapa: siku ambayo ombi lile linapokelewa idarani ndiyo tarehe yako ya foleni. Ni kama namba unayopewa asubuhi siku ya mgao. Unaweza kuitwa saa nne au jioni, lakini namba yako ni ileile.

Hatua ya pili, tajiri anapeleka ombi kwa idara ya uhamiaji, na anathibitisha kwamba ana uwezo wa kulipa ule mshahara. Hapa ni miezi kadhaa. Akilipa ada ya haraka anajibiwa ndani ya siku 15 za kazi. Huko ndiko wengine wanakosikia habari ya "siku kumi na tano" wakadhani safari imekwisha. Kumbe ni hatua moja tu imeharakishwa.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe. Ni kungoja namba ya viza. Kwa sheria ya mwaka 1990, viza za kazi kwa dunia nzima ni kama 140,000 kwa mwaka, na nchi moja haipewi zaidi ya asilimia 7, labda zibaki. Nchi inayohesabiwa kwa kawaida ni ile uliyozaliwa, siyo ya pasipoti. Kijana aliyezaliwa hapa kambini kwa wazazi wa Kongo akiomba mwenyewe, anahesabiwa Uganda.

Tena hizo 140,000 zimegawanywa kwa mafungu. Kazi ambazo mafunzo yake hayafiki miaka 2, kama kukata kuku, kufagia hoteli, kufunga maboksi, zina fungu lao lisilozidi viza 10,000 kwa mwaka. Na viza hizo ni za mfanyakazi pamoja na mke au mume na watoto. Baba mwenye mke na watoto 5 anakula namba 7 peke yake. Kama kila mfanyakazi angekuja na jamaa watatu tu, zile 10,000 zingetosha wafanyakazi 2,500 wa dunia nzima. Sisi hapa Nakivale tunajua maana ya kugawa kidogo kwa watu wengi, hatuhitaji kufundishwa.

Sasa, foleni hiyo imefika wapi? Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa tangazo kila mwezi kuonyesha ni watu wa tarehe gani wanaohudumiwa. Katika tangazo la Oktoba 2025, kwa fungu hili la kazi ndogo, walikuwa wakihudumiwa watu walioshika namba katikati ya mwaka 2021. Yaani miaka 4 na zaidi. Weka ile miezi 8 ya mshahara na matangazo kabla ya kushika namba, halafu intavyu ya ubalozi na vipimo vya afya mwishoni. Inakuwa miaka 5, na inaweza kupita. Msidhani kisomo kikubwa kinamwokoa kila mtu. Mhandisi aliyezaliwa India mwenye shahada ya pili, mwezi huohuo wa Oktoba 2025, alikuwa anahudumiwa ikiwa tu alishika namba kabla ya Aprili 2013. Miaka 12! Foleni ya Wahindi ni ndefu kwa sababu wao ni wengi na asilimia ni ileile 7.

Na muda wote huo tajiri asibadili mawazo. Kiwanda kikifungwa kabla hujapata viza, kazi ile imekufa. Kama ombi la hatua ya pili lilikuwa limekubaliwa, kwa kawaida tarehe yako ya foleni inabaki, lakini lazima umpate tajiri mwingine naye aanze upya.

MZEE NA BINTI YAKE

Kuna mzee mmoja ametupa ruhusa tumseme hapa bila kutaja jina wala kijiji. Ana mke na watoto 5. Alikuja darasani jioni moja na karatasi yenye picha ya tai na muhuri mwekundu. Aliketi nyuma kwenye benchi la watoto akangoja tumalize somo. Karatasi ilisema kwa Kiingereza kwamba kampuni inampa "ukaaji wa kudumu" kazini, familia yote, ndani ya miezi 6. Aliyemletea ni kijana aliyejiita wakala. Alitaka shilingi milioni moja na nusu kwanza, nyingine baadaye.

Mzee alikuwa ameshalipa. Aliuza mbuzi, akakodisha shamba lake kwa msimu mzima, na pesa zilipopungua akamtoa shule binti yake mkubwa, wa miaka 17, aliyekuwa Senior 3. Sisi tulikuwa tumeshaona pengo la binti huyo. Alikuwa anakaa mstari wa mbele na kujibu kabla hatujamaliza kuuliza. Tulipomwuliza mama yake sokoni, alisema, "Tunasafiri, walimu. Karo ya nini tena?"

Basi tulimwandikia mzee hatua zote ubaoni, kama tulivyowaandikia ninyi hapa. Tulimwambia kwamba kampuni haina ukaaji wa kudumu wa kumpa mtu. Kampuni ina kazi tu, na ukaaji unatolewa na serikali. Karatasi yake haikuwa na namba yoyote ya Idara ya Kazi, wala jina la mtu wa kuulizwa.

Halafu tukafika kwenye umri wa watoto, na hapo ubao ulikuwa mzito kuandika. Sheria inamruhusu mfanyakazi kwenda na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajafika miaka 21. Iko sheria ya mwaka 2002 inayowalinda kidogo: inapunguza kwenye umri wa mtoto ule muda ambao ombi la hatua ya pili lilikaa mezani. Lakini miaka ya foleni yenyewe haipunguzwi. Tukapiga hesabu. Binti ana 17. Tuseme tajiri wa kweli amepatikana leo, miaka 5 ipite, binti ana 22. Tuondoe miezi 8 ya ombi kukaa mezani, inabaki 21 na miezi 4. Amekatwa. Baba, mama na wadogo zake wanapanda ndege, yeye anabaki hapa. Na kama katikati ameolewa, amekatwa mapema zaidi.

Mzee alitazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Walimu wangu, hiyo miaka mitano mimi ninayo. Nimeshangoja zaidi ya hiyo. Huyu binti ndiye hana."

Hatukuwa na la kuongeza. Simu ya yule wakala haikupatikana tena, na pesa hazijarudi mpaka tunapoandika. Muhula uliofuata binti alirudi darasani. Karo yake wanalipa kidogokidogo, mama anauza mandazi asubuhi na mzee analima kwa watu, maana shamba lake lilikuwa bado mikononi mwa aliyelikodisha. Mzee ndiye aliyetuambia tuandike. Alisema nyumba zinazosubiri karatasi kama yake ni nyingi, ila watu wanaona haya kuuliza.

PESA ZINATOKA MFUKO WA NANI?

Kuna jambo moja ambalo mkilishika litawalinda wengi. Tangu mwaka 2007, kanuni za Idara ya Kazi ya Marekani zinakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za ile hatua ya kwanza. Ada ya wakili wa mwajiri na pesa za matangazo ni juu ya mwajiri mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Leta pesa tukutangazie kazi ili upate grini kadi," ameshajitaja yeye ni nani. Ziko ada ambazo mhamiaji hulipa mwishoni, kama za viza na vipimo vya afya, lakini zinalipwa kwa serikali ile au kwa daktari aliyeteuliwa, na zinakuja baada ya miaka, siyo siku ya kwanza chini ya mwembe.

Vilevile huduma za UNHCR za kupelekwa nchi ya tatu ni bure kabisa. Hakuna foleni inayosogezwa kwa bahasha.

Jingine: sheria zinaweza kubadilika ukiwa katikati. Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za uhamiaji kwa raia wa Burundi, isipokuwa wachache, hata kama mtu ana kazi mkononi. Ndugu zetu Warundi waliokuwa wanangoja walipata habari hiyo redioni. Kwa hiyo yeyote anayekuapia mwezi na mwaka wa safari, ati ana uhakika, anakuapia kitu ambacho hata ubalozi hauwezi kukiapia.

JE, KUNA NCHI ILIYOWAKUMBUKA WAKIMBIZI WENYE KAZI?

Ipo moja tunayoweza kuisema kwa uhakika, nayo ni Kanada. Mwaka 2018 ilianza mpango wa majaribio wa kuwachukua wakimbizi kwa ujuzi wao wa kazi. Huku kwetu Afrika Mashariki ulianzia Kenya, kwa msaada wa shirika la RefugePoint. Mwaka 2022 jimbo la Nova Scotia lilituma watu Kenya, wakaajiri wakimbizi zaidi ya 60 kwa kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba za kulelea. Hao hawakwenda kungoja kadi huko. Mpango huo ulikuwa unampa mtu ukaaji wa kudumu kabla hajapanda ndege, naye alishuka uwanjani akiwa mkaaji tayari, yeye na familia yake. Lengo la serikali lilikuwa kumaliza ombi lililokamilika ndani ya miezi 6, ingawa kumpata mwajiri, kufanya mtihani wa lugha na kutafuta vyeti kulichukua muda mwingine kabla ya hapo.

Tunausema mpango huo kwa tahadhari. Nafasi zilikuwa za mamia, siyo maelfu, na muda wake wa kupokea maombi uliwekwa kuishia tarehe 31 Desemba 2025. Kwa hiyo asije mtu akawauzia fomu zake leo. Anayetaka kujua kama kuna mpango mwingine, aulize ofisini, tena kwa mdomo wake mwenyewe.

Lakini tazameni walioajiriwa walikuwa akina nani. Walikuwa na mafunzo ya uuguzi na usaidizi wa wagonjwa waliyoyapata hukohuko ukimbizini. Walikuwa na Kiingereza. Walikuwa na cheti kinachoonekana. Mlango ulipofunguka kidogo, waliopita ni wale waliokuwa wamevaa viatu.

TUNGOJE VIPI?

Hatuwaambii msitamani kwenda. Sisi wenyewe tunatamani, tungekuwa waongo kusema hapana. Tunachokataa ni kule kungoja kunakosimamisha kila kitu: mtoto haendi shule kwa sababu tunaondoka, paa halirekebishwi kwa sababu tunaondoka, shamba halilimwi kwa sababu tunaondoka. Miaka 5 ya namna hiyo inamla mtu hata kama viza inakuja. Na isipokuja je?

Hapa Uganda sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ni kazi ndogo, ndiyo, na mshahara tunaujua. Lakini kijana anayefanya kazi kwa fundi cherehani au kwenye kliniki na kuandikiwa barua ya utumishi, anaweka kitu kwenye begi lake ambacho hakuna wakala anayeweza kukiiba.

Kwa hiyo tunaziomba familia mambo haya. Mtoto asitolewe shule kwa ajili ya safari ambayo haina tarehe ya serikali. Tarehe za kuzaliwa za watoto ziwe sawa kwenye karatasi zote, maana mmeona jinsi miezi 4 inavyoweza kumkata binti. Vyeti vya shule na barua za kazi zitunzwe pamoja, na mpige picha zake mwekeze kwa ndugu mnayemwamini. Mkiletewa karatasi ya kazi ya nje, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ileteni isomwe. Tuko darasani Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Hatutozi, hatumcheki mtu, na hatumsimulii mtu. Kusoma karatasi yote hadi chini ni dakika kumi tu.

Na vijana wenzetu, msiwakasirikie wazazi waliodanganywa. Baba aliyeuza mbuzi wake alikuwa anawatafutia ninyi nafasi. Kaeni naye, mpigie hesabu polepole kwa heshima, mkiheshimu miaka aliyongoja kabla yenu.

Tunawatakia mwezi mwema na nyumba zenye amani. Tuonane darasani.

Wenu, walimu wa kujitolea wa darasa la jioni.